Switch na Steam Deck katika nyumba moja ya Lubumbashi
Tangu mpwa wangu aje kukaa nasi hapa Bel-Air na Steam Deck yake, mashine ya michezo ya kushikwa mkononi, nimekuwa nikiilinganisha na Nintendo Switch ya binti yangu, ambayo nayo ni ya aina hiyo, na siamini tena kwamba vifaa hivyo viwili vinagombania wachezaji walewale. Binti anataka Mario Kart, mchezo ambao Nintendo haiuzi kwa mashine ya michezo ya kampuni nyingine. Huchomoa kidhibiti kimoja cha pembeni, akampa mdogo wake, wakacheza wote kwenye kioo kilekile huku wakipigiana kelele. Mpwa wangu, aliyekwisha kununua michezo mingi ya kompyuta kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni, alipata mashine inayofungua michezo hiyohiyo bila kuilipia upya, naye hucheza peke yake, vipokea sauti masikioni. (Ukimwita ale, utaita mpaka uchoke.)

Ushindani wa kweli, kwa maoni yangu, ulikuwa Desemba 2004, mashine za mkononi Nintendo DS na PSP ya Sony zilipotoka Japani mwezi mmoja. Steam Deck, iliyotoka mwaka 2022, miaka mitano baada ya Switch, inapambana zaidi na ROG Ally ya Asus, kwa kuwa zote mbili huendesha michezo ya kompyuta.

Kwetu vifaa hivi hugombania soketi tu, umeme unaporudi usiku, na hapo Steam Deck ndiyo hutangulizwa, kwani mchezo mzito huweza kuimaliza betri yake kwa saa mbili hivi.