Siku Moja na Kibendera Mkononi

Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Mwamuzi wa kati hukimbia mbele. Mimi mshika kibendera nusu ya kazi naifanya ubavu-ubavu, macho uwanjani, kwa hiyo hata mazoezini nakimbia hivyo hivyo hadi nyonga ziwake moto.

Saa nane mchana tumeshafika uwanjani. Nyavu, vibendera vya kona, njumu za wachezaji, vyote tumevikagua. Mwamuzi wa kati ametukumbusha neno lake la kila mechi: ukiwa na shaka, kibendera kibaki chini.

Saa kumi kamili, kipyenga. Kipindi cha kwanza kilipita salama.

Dakika ya 63 ndiyo nataka niieleze vizuri, maana kelele zake ninazo masikioni hadi sasa. Kiungo wa wekundu alipata mpira katikati. Mabeki wa bluu wakapanda juu kwa pamoja, mikono hewani, mtego wa kuotea: mshambuliaji abaki nyuma yao mpira unapopigwa. Walipanda watatu. Wa nne, namba 3, upande wa mbali na mimi, alikuwa ameinama anavuta soksi. Mimi kazi yangu ni kusimama sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho, na kwa kuwa kipa alikuwa golini, wa pili alikuwa yeye. Jicho nikaliacha kwenye mstari ule, sikio likisubiri kishindo cha mguu, kwa sababu kuotea hupimwa pale mwenzako anapougusa mpira kukupasia, si pale unapokufikia. Kishindo kikalia. Straika alikuwa sambamba kabisa na goti la namba 3. Sekunde mbili baadaye alikuwa peke yake na kipa, na mpira wavuni. Nikaacha kibendera chini, nikakimbia kuelekea mstari wa kati.

Kocha wa bluu alinifuata hadi nikasikia pumzi yake shingoni.

"Mshika kibendera! Mtu yuko nyuma ya mabeki wangu hatua mbili!"

Na kweli, mpira ulipomfikia alikuwa nyuma yao hatua mbili. Nikamwambia, "Kocha, namba 3 wako alibaki. Tafadhali rudi kwenye eneo lako."

"Namba 3 gani? Umekula hela wewe!"

Jukwaa likaidaka. Mwizi, mwizi, mwizi. Mzee mmoja nyuma yangu akawa anasisitiza kwamba hata sambamba ni kuotea. Anakumbuka sheria ya enzi zake. Ilikuwa hivyo hadi 1990. Lakini neno "umekula hela" liliniuma. Natoka kitandani gizani kwa ajili ya mstari huu.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Mpira ukarushwa kwa mkono, mshambuliaji akaupokea akiwa nyuma ya kila mtu, uwanja mzima ukalia "kaotea!" Mpira wa kurusha hauna kuotea, wala kona, wala goli kiki. Mwingine alisimama mahali pa kuotea bila kuugusa mpira wala kumsumbua mtu. Kusimama tu si kosa, nikatulia. Mapaja yalikuwa mazito kama yamefungwa mchanga, na kila mabeki walipopanda ilibidi nipande nao, kwa sababu nikibaki nyuma hatua moja tu, jicho langu linadanganywa na pembe. Mwishoni nikainua kibendera dhidi ya wekundu, mguu wa mshambuliaji wao ulikuwa umezidi waziwazi. Wakasema nalipa deni.

Chumbani mwamuzi wa kati aliuliza jambo moja tu: "Namba 3?"

"Ndiye."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufungua kamba za viatu. Kwangu hilo lilitosha.

Usiku nimetumiwa video ya simu ya goli lile. Imepigwa kutoka nyuma ya kona, kwa mshazari, na namba 3 hayumo kabisa kwenye picha. Nimeitazama mara kadhaa, halafu nimeweka simu pembeni nikafua vibendera. Tope la leo halikutoka lote kwenye pindo. Vimeanikwa dirishani, kesho saa tatu asubuhi nina mechi ya vijana.