Mafla ya Safari ndefu

Begi la kulia la pikipiki yangu liliungua kati ya Iringa na Mafinga, mwaka 2019. Nilianza kusikia harufu ya plastiki, nikadhani inatoka kwenye lori la mbele. Nilipoegesha nikakuta mkanda umeyeyuka na kugandia kwenye mafla, ile kopo ya kupunguza mlio mwishoni mwa bomba la moshi, na koti la mvua la mke wangu lina tundu linalopitisha ngumi.

Kosa lilikuwa langu. Pikipiki yenyewe ni Honda Africa Twin, ile ya cc 998, na mafla yake imekaa juu upande wa kulia. Miezi michache nyuma nilianguka nayo kwenye changarawe, mafla ikabonyea, kinga yake ya joto ikang'oka, nami nikaendelea hivyo hivyo.

Tuliporudi Dar nikaenda eneo la Gerezani kwa mzee mmoja fundi. Niliwaza kubadilisha ekzosi nzima, yaani mabomba yote ya moshi. Akanikatalia. "Mwanangu, ukitoa mabomba yote mpaka kwenye injini, unatoa na katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi. Hapo lazima kompyuta ya mafuta ipangwe upya. Wewe badilisha mafla tu."

Alikuwa nazo mbili. Moja fupi, ya titaniamu, nyepesi mkononi kama birika tupu. Nyingine ya stenlesi, ndefu, na mdomoni imewekewa kibomba chenye matundu cha kupunguza kelele, kimeshikwa na skrubu moja. Moyo wangu ulikuwa kwa ile fupi. Mzee akaifunga, akabadilisha na gasketi, akasema nikaijaribu mpaka Chalinze na abiria wangu.

Mpaka Kibaha nilikuwa na raha isiyo na mfano. Kila nikifungua mafuta ilinguruma mpaka kifuani. Lakini barabara ndefu si mzunguko wa mtaani. Ukishatulia kwenye kilomita 80 kwa saa, mlio ule haupandi wala haushuki, unabaki palepale ndani ya helmeti. Tulipofika Chalinze masikio yalikuwa yanavuma, na mke wangu ameshika kichwa.

"Baba watoto, nimekuita mara tatu tununue mananasi. Hukunisikia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko begi lililoungua. Miaka yote raha yetu ya safari ni yeye kuniambia anachokiona, maana mimi macho yangu yako barabarani.

Nikachukua ile ndefu. Kile kibomba cha mdomoni sikukigusa, na kinga mpya ya joto mzee aliifunga mbele ya macho yangu.

Safari iliyofuata tulipita Mikumi asubuhi. Ndani ya hifadhi mwendo una kikomo, na nilikuwa chini ya hapo. Injini ilikuwa inaunguruma kwa chini, kama mtu anayeongea na aliye jirani yake. Nikasikia sauti begani kwangu:

"Twiga, kushoto. Wana mtoto."

Nikapunguza mwendo.