Siku 60 si miezi miwili: nilivyorudishiwa likizo yangu ya uzazi

Nilijifungua mtoto wangu wa tatu mwanzoni mwa Februari, hapa Arua, Uganda. Mwalimu mkuu akanihesabia siku 60 tangu siku ile ile, Jumamosi na Jumapili humo humo. Mtoto ana miezi miwili na siku chache, nikaitwa darasani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema siku 60 za kazi, kwa mshahara kamili. Za kazi! Kwa juma la siku tano hizo ni wiki 12, na sikukuu bado hujaziondoa. Nilikuwa nimepunjwa zaidi ya wiki tatu.

Walimu wenzangu wakaniambia, "Vumilia, Madam, sote tulipita hapo." Mmoja akanishauri niende nikatoe machozi mbele ya mkuu, moyo wake utalainika. Mpaka leo ushauri ule unanikera. Haki yangu niililie kwa nini?

Kosa langu lilikuwa kwenda peke yangu, tena kikaoni. Nilisimama na nakala ya sheria, nikamsomea mkuu kifungu cha 56 walimu wote wakisikiliza. Akafunga faili, akasema shule ina taratibu zake. Juma lililofuata nikaongezewa zamu ya jioni. Nilikuwa nakamua maziwa chooni, mlango nimeushikilia kwa mguu, kisha narudi P.2, darasa la pili, blauzi imelowa na watoto karibu 90 wananitazama.

Ndipo nikampigia mwakilishi wa wanawake wa tawi letu la UNATU, chama cha walimu wa Uganda. Miaka yote nilikuwa nikikatwa mchango wa chama kwenye mshahara bila kuwaomba lolote. Mama yule hakuniuliza kuhusu sheria. Aliniuliza, "Binti yangu, walimu wanaume hapo shuleni, wangapi wake zao wamejifungua karibuni?" Watatu. Sheria hiyo hiyo inampa baba siku 4 za kazi zenye malipo, na hakuna aliyewahi kuzipata. Basi barua ikawa yetu sote. Tulitia sahihi 11, sita wanaume.

Kisha akaniagiza ninunue kalenda kubwa ya ukutani. Siku za kazi nizungushie wino mwekundu, wikendi na sikukuu nizikate kwa buluu. Kalenda, nakala na boda boda vilikula kama elfu ishirini hivi.

Tulimfuata mkuu ofisini kwake, si kikaoni. Mama akamsalimia, akauliza habari za nyumbani, akatandika kalenda mezani na kunyamaza. Mkuu akahesabu kwa kidole, akarudia. Kidole kikasimama tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Shule ilikuwa imefungwa siku hiyo, naye alikuwa ameihesabu ndani ya likizo yangu. Hakubisha tena.

Nilipewa siku zote zilizobaki. Wale baba watatu wakaandikiwa zao nne nne. Vikao vilivyokuwa vikianza saa kumi na moja jioni vikahamia mapumziko ya mchana; hilo liliombwa na wanaume, maana nao wana watoto wa kuwapokea nyumbani. Stoo ya vitabu tuliisafisha Jumamosi moja, tukaweka pazia, kiti na komeo la ndani.

Mwalimu wa P.5 anatarajia kujifungua mwezi ujao. Kalenda yake tumeshamnunulia, na barua yake imeingia ofisini kabla hajaondoka.