Siege bila timu ni presha
Wana wa Mtwara, Rainbow Six Siege, lile gemu la kupigana risasi mtandaoni, haimtaki mbabe. Watano kwa watano, ukifa unakaa kutazama wenzako hadi raundi iishe. Utamu wake ni kuta: umejibanza nyuma ya mbao, jamaa anatoboa tundu dogo tu, risasi hiyo imeshakupata. Au unasikia hatua za mtu ghorofani, unampigia darini kwa kukisia. Jasho linakutoka umekaa!

Ila kwa mgeni ni mateso. Ipo tangu 2015, wahusika wamejaa, kila mmoja na kifaa chake, ramani zote ukariri. Ukipangwa na mabubu, mmekwisha. Na intaneti ya huku ikiyumba, ndo basi tena.

Nani yuko Ligula au Shangani tuunde kikosi? Wenye maiki tu, tafadhali.