Safu ya tano imekubali

Wiki tatu nimekwama kwenye safu moja ya jedwali langu la bunilizi za kisayansi. Leo imekubali.

Safu nne za mwanzo (hadithi, mwaka, chombo, madhara) zilijaa haraka. Ya tano, ya kueleza kwa nini watu hawakizimi chombo hicho, niliiita "nani anawalazimisha watu?" Kwa Orwell, riwaya ya "Nineteen Eighty-Four" (1949), jibu lilikuja lenyewe: Chama kinachotawala. Skrini inayompeleleza mhusika mkuu, Winston, hupunguzwa sauti tu, haizimiki. Nikaingia kwa Forster, "The Machine Stops", nikagonga mwamba. Vashti, anayeishi peke yake chumbani akihudumiwa kila kitu na Mashine, hajashikiwa bakora na mtu. Niliandika "Mashine", nikafuta. "Mazoea", nikafuta. Hasira zikanipanda nikafunga kompyuta.

Nimeachana kabisa na programu ya majedwali. Kisanduku chake chembamba kinadai jibu la neno moja. Nimehamia kwenye kadi za karatasi, na sirudi.

Kadi ndiyo iliyoniwezesha kuliandika tukio lenyewe kwa urefu. Vashti anabonyeza swichi ya kujitenga, inayozuia wengine wasimfikie, ili azungumze na mwanawe Kuno, aliye upande wa pili wa dunia. Amemtengea dakika tano. Anapoirudisha swichi, yaliyorundikana kwa dakika tatu yanamwagika kwa mpigo: kengele, sauti za watu, chakula kipya kikoje, una wazo gani jipya? Anajibu kwa ukali, lakini anajibu. Mwanamke anayefahamiana na maelfu ya watu! Na hii ni 1909, hata redio ya matangazo haijaenea.

Kumbe swali langu ndilo lililokuwa bovu. Swichi anayo, iko mkononi pake. Nimebadili safu iwe "ukizima, unalipa nini?" na kila hadithi imepata mahali pake. Kwa Orwell, anayeweza kuzima ni mwenye cheo Chamani kama O'Brien. Kwa Vashti, rundo linakusubiri.

Nilipanga leo kumwingiza Brunner, "The Shockwave Rider" (1975), na mnyoo wake wa kompyuta, yaani programu inayojisambaza yenyewe mtandaoni. Atasubiri, maana sasa narudia kila hadithi nikitafuta swichi tu. Nimeanza na Bradbury, "The Murderer" (1953). Brock anavunja simu, televisheni na redio ya mkononi, anafungiwa kama mgonjwa wa akili, na humo ndani anafurahia kimya. Daktari aliyemhoji anarudi ofisini, simu na redio ya mkononi zikimwita kwa zamu, naye anaziitikia zote. Kadi ya daktari nimeiweka juu ya ya Vashti.