Acheni kuvunja seti za herufi za mbao

Watu wakiona herufi za mbao za zamani, zile za kuchapia mabango, cha kwanza wanatafuta herufi ya jina lao waitundike ukutani, na wauzaji washajua, wanavunja seti nzima wanauza mojamoja. Mi inanikera kweli. Seti ikishanyofolewa A na M na S hupangi tena neno la maana, unabaki na Q na X mnatazamana.

Hizi zilichongwa zifanye kazi jamani, unazipaka wino unazigandamiza kwenye karatasi. Herufi za madini ya risasi zikiwa kubwa za mabango zilikuwa nzito, bei juu, na zikipoa uso ulikuwa haukai sawa. 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuzichonga za mbao kwa ruta, mashine yenye kisu kinachozunguka, 1834 William Leavenworth akaiunganisha na pantografu, mkono wa kunakili umbo, hapo ndo mambo yakafunguka, unafuatisha kielelezo kimoja unatoa herufi za saizi unayotaka. Mbao zilizopendwa Marekani ni za mti wa mepo (maple), na gogo linakatwa kwa kukingama sio kwa urefu, yaani nyuzi za mti zinasimama wima na wino unapakwa kwenye vichwa vyake, ndo maana zinagandamizwa miaka na miaka na bado kingo ni kali.

Nikipata seti naanza na A kubwa, viwanda vingi vilipiga muhuri wao ubavuni mwake. Ukikuta Hamilton wa Two Rivers, Wisconsin (walianza 1880, na hapo mjini kuna makumbusho ya kazi hii) au William Page, raha tupu! Halafu napima kimo, yaani kutoka kitako cha herufi mpaka uso unaochapa. Kwa mashine za kuchapa za Marekani na Uingereza ni milimita 23.3 na hapo hakuna mjadala, sasa mtu anachukua msasa anasugua weusi wote ili mbao ing'ae, anasahau kwamba herufi ishashuka na rola ya wino itaipita juujuu. Ule weusi ni wino wa kazi zote ilizofanya, mi siugusi, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo basi, maji marufuku maana mbao inavimba na kupinda.

Makovu hayanisumbui, R yenye kidonda mguuni inachapa kidonda chake kila karatasi na mi naipenda hivyohivyo. Na kama unayo iliyosuguliwa usiitupe, bandika vikaratasi chini yake mpaka ifike kimo cha wenzake, itachapa tu.