Ngozi ya samaki ikichanika, bwawa zima hupata habari

Kambare wakigoma kula baada ya kuvuliwa na kupangwa kwa ukubwa, wafugaji wengi hulaumu chakula. Mimi ningeanza kukagua ngozi zao.

Ndani ya ngozi ya kambare kuna seli kubwa zenye umbo la rungu, na hazina tundu la kutolea kitu nje. Ni mpaka jino au uzi wa wavu uichane ngozi ndipo zinapasuka na kumwaga kemikali yake majini, na kambare wengine wakiinusa huogopa na kugoma kula. Mtafiti wa wanyama Karl von Frisch alilieleza jambo hili mwaka 1938, kwa samaki wadogo wa mitoni Ulaya: mmoja akijeruhiwa, kundi zima hutimka. Mukene (dagaa) na samaki aitwaye ningu wa Ziwa Victoria ni wa ukoo wa samaki hao. Ngege (tilapia) hana seli hizo za rungu, lakini naye hushtuka akinusa ngozi iliyochanika ya mwenzake.

Kinachopokea habari ni pua. Maji huingia tundu la mbele, hupita kwenye vikunjo vya kunusia, hutokea tundu la nyuma. Na kinachohitajika ni kidogo mno! Kwa aina moja ya samaki wadogo wa Marekani Kaskazini, watafiti walikadiria kuwa ngozi ya sentimita 1 ya mraba yatosha kushtua samaki katika lita 58,000 za maji. Hilo ni karibu bwawa zima la mita 10 kwa 6, kina mita 1.

Kwa hiyo usipasulie samaki kwenye mfereji unaoingiza maji bwawani. Tumia wavu laini usio na mafundo, lowesha mikono, wala usiwarundike kwenye beseni. Maji ya beseni la kupangia yamwage kwenye migomba, yasirudi bwawani. Siku ya kuwagusa usiwalishe. Kesho yake anza na chakula kidogo, kwa sababu kisicholiwa huoza na kula oksijeni.

Ila usichanganye hofu na kukosa hewa. Ngege walioshtuka hujikusanya au huzama chini. Wakipanda juu alfajiri wakihemea midomo wazi, hiyo ni oksijeni imepungua: ingiza maji mapya mara moja. Kambare hawakupi dalili hiyo kwa uhakika, maana kupanda juu kuvuta hewa ni kawaida yao.